Sakafu Isiyovuja

Gari langu lilikatwa kabla sijalinunua, na jambo hilo nilijulishwa mapema kwa lugha ya wazi, kwa hiyo siwezi kudai mbele ya mtu yeyote kwamba nilighuriwa. Aliyeniuzia, mzee mmoja aliyepata kuwa msimamizi katika shamba la mkonge upande wa Korogwe, alinishika mkono, akanizungusha mpaka ubavuni, akanionyesha mahali palipochomelewa juu ya chesisi, mishono miwili minene kama kovu la mtu aliyepasuliwa tumbo, akasema kwamba zamani gari hili lilikuwa refu, ila njia za ndani ya shamba zilikuwa nyembamba, na dereva wao, kila alipotaka kugeuza, aling'oa mkonge mmoja kwa mbele na mwingine kwa nyuma, hata mwenye shamba akatoa hukumu kwamba ama dereva afukuzwe ama gari likatwe. Dereva alikuwa mtu wa watu. Gari likakatwa.

Ni Chevrolet ya mwaka 1951, pikapu ya namna ile iliyoanza kutoka viwandani Marekani katikati ya mwaka 1947 na kukoma mwanzoni mwa 1955, yenye mashavu yaliyofura na vyuma vitano vilivyolala mdomoni, kama uso wa mtu anayejizuia kucheka. Mimi nami nilizaliwa mwaka huo huo wa 1951, na nadhani ni hilo, wala si busara, lililonitoa fedha mfukoni. Kwani mtu aliyekwisha kustaafu, akiona rika lake bado linaunguruma, huingiwa na hamu ya kulisaidia. Ubavuni mwa boneti pameandikwa 3600, nambari ambayo kwa wenye kujua humaanisha gari la robo tatu ya tani, lenye inchi 125 na robo toka ekseli ya mbele hata ya nyuma, na bodi la mzigo la inchi 87. Nambari hiyo haikukatwa pamoja na chesisi. Namwomba msomaji auweke moyoni ukweli huo mdogo, kwa sababu mimi sikuuweka.

Sakafu ya bodi ilikuwa imekwisha. Juu yake watu wa shamba walipigilia mabati ya paa, na juu ya mabati wakatandika magunia, na juu ya magunia ukajilaza udongo mwekundu wa miaka mingi, hata pembeni pakaota mchicha, ambao mke wangu aliuchuma na kuupika siku ile ile gari lilipofika nyumbani, nao haukuwa mbaya. Nilipokwisha kufukua tabaka hizo moja baada ya moja, nikakuta chini kabisa mbao nane zilizoshikwa na kanda saba za chuma, na ubao wa kwanza nilioutia kidole uliniachia unga mkononi kama makopa yaliyobunguliwa.

Watu wengi hustaajabu wakiambiwa kwamba Wamarekani, pamoja na wingi wa chuma chao, waliziwekea pikapu zao sakafu ya mbao. Lakini walikuwa na hoja. Ubao haubonyei ukitupiwa jiwe, na ukioza mmoja, unautoa huo huo na kuwaacha wenziwe wakae. Kati ya ubao na ubao waliacha upenyo, na juu ya upenyo wakalaza ukanda wa chuma uliofungwa kwa bolti, ili mbao zikivimba kwa unyevu zipate mahali pa kujinyosha, na sanduku likisukumwa litambae juu ya chuma bila ya kuuchuna ubao. Na maji ya mvua, yakishuka, yapite katika upenyo huo yaende zake. Narudia: yaende zake. Wala sikuwa sijui. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo, na kuifahamu, na kumweleza mke wangu mara mbili wakati wa chakula.

Nina mpwa wangu yuko Maskat, mtoto wa dada, mwenye bidii kubwa ya kuwasaidia jamaa kuliko ya kuwauliza wanataka nini. Nilipompelekea habari za sakafu, hazikupita wiki tatu akaniletea, mkononi mwa msafiri, kifurushi kizito chenye bolti 56 za kichwa cha mviringo na shingo ya mraba, nene kwa 5/16 ya inchi, kila moja na nati yake. Maana kanda ni saba, na kila ukanda hula bolti nane. Nilizihesabu mara mbili, si kwa kumtilia shaka kijana, bali kwa mazoea: nilikuwa karani wa bandari hapa Tanga kwa miaka 31, katika zama ambazo meli zilitia nanga nje na shehena ikaletwa gatini kwa matishari, na mtu aliyehesabu magunia juu ya tishari linaloyumba hawezi tena kupokea kitu bila ya kukihesabu. Ndani ya kifurushi mlikuwa pia na karatasi ya vipimo, imechorwa vizuri, kila ubao na urefu wake: inchi 87.

Nikaichukua karatasi ile mpaka kwa wauza mbao, nikataka msaji, na nikapewa msaji wa Longuza huko Muheza, mbao za rangi ya asali zenye mafuta ya asili, ambazo ukizipitishia randa hutoa harufu kama ya ngozi mpya. Kijana wa msumeno aliniuliza mara moja tu, "Mzee, una hakika na urefu?" nami nikamjibu, kwa sauti niliyokuwa nikiwajibia manahodha waliobishana na daftari langu, kwamba hesabu ya kiwanda haikosei.

Na kweli haikukosea. Nilipozifikisha mbao nyumbani juu ya mkokoteni na kuzilaza ndani ya bodi, zilikaa kwa upana kama zilizozaliwa mle, lakini kwa nyuma zikachomoza nje dhiraa nzima kasoro vidole vinne, zote nane, zimejipanga sawasawa. Vijana wa mkokoteni, waliokuwa wakingoja ujira wao, waligeukia ukutani kwa adabu. Mke wangu alitoka jikoni, akafuta mikono kwa kanga, akatazama.

"Bwana," akasema, "hizi zilizozidi ni za abiria?"

Sikujibu.

"Si hasara," akaendelea, akipima kwa macho. "Ukizikata, unapata mbuzi nane za kukunia nazi."

Ndipo nilipopima bodi kwa futi kamba, jambo ambalo mtoto wa shule angelianza nalo, nikagundua kwamba aliyelikata gari alikuwa na msumeno mzuri na jicho bovu, kwani ubavu wa kushoto ulikuwa wa inchi 71 na nusu, na wa kulia inchi 73. Bodi lilikuwa pana mbele, jembamba kidogo nyuma, na limekwenda upande; hapakuwa na ubao utakaolingana na jirani yake, na kila mmoja ulikuwa na kibla chake. Fauka ya hayo, springi za nyuma zilizotiwa baada ya kukatwa zilikuwa za gari jingine, ngumu na ndefu, kwa hiyo gari zima lilisimama kama mtu anayerukuu, tako juu na uso chini.

Nilikwenda kwa fundi wa makabati. Akaja na bevu yake, akaiweka katika pembe ya kwanza, akaiweka katika ya pili, akaifunga ndani ya kitambaa. "Bwana Karani," akaniambia, "kazi yangu mimi ni pembe mraba. Hapa hapana hata moja. Nenda Sahare, kwa watu wa majahazi. Wale hawajapata kukutana na pembe mraba tangu wazaliwe, wala hawaitamani."

Shauri hilo nililiona la hekima, na mpaka leo sioni kosa ndani yake. Fundi niliyempata pwani ya Sahare alikuwa mtu mfupi, mkavu, mzaliwa wa Nungwi aliyeoa huku kwetu, mwenye tezo begani kama mtu mwingine anavyokuwa na mwavuli. Alilizunguka gari mara tatu bila ya kusema neno, akaligonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole, akalala chini, akatambaa uvunguni, na sauti yake ikanifikia kutoka huko.

"Mkuku umeungwa."

"Ni chesisi, Fundi. Ilikatwa."

"Nani aliyeuunga?"

Nikamwambia ni watu wa shamba la mkonge. Alitoa mguno ambao nadhani ulikuwa na maneno, lakini kwa heshima ya umri wangu aliyameza. Tangu saa ile nilitambua kwamba hakukusudia kujifunza msamiati wa gari. Chesisi ilikuwa mkuku, boriti za kukingama zilikuwa mataruma, upande wa dereva ni omo na mlango wa nyuma ni tezi. Na aliponiuliza kama nataka ubao wa goshini uanze kuwekwa au wa demani, nilimwambia afanye aonavyo, kwa kuwa sikujua upepo wa gari langu hutoka wapi.

Hakutumia futi kamba. Alikuwa na uzi wenye mafundo, na mkono wake mwenyewe, ambao aliuamini kuliko chuma. Alilaza ubao, akautazama kwa jicho moja toka omo hata tezi, akachora kwa kaa, akakata, na ubao ukaingia. Hakurudia hata mmoja. Mimi, niliyekuwa nimekaa kando na karatasi yenye vipimo vinane vilivyotofautiana kwa thumni za inchi, niliikunja taratibu na kuitia mfukoni. Vipande vilivyobaki alivirushia mke wangu, ambaye alikuwa amekwisha kuzungumza na mhunzi juu ya vyembe vya mbuzi.

Taabu ndogo ikatokea katika bolti. Kwa kuwa chesisi iliungwa kwa kupinda, mataruma hayakuwa na kimo kimoja, na Fundi akatia juu ya kila moja kipande cha mvule ili kuyasawazisha. Kazi nzuri, ila bolti za mpwa wangu zikawa fupi, zikazama ndani ya mbao bila ya kuchungulia upande wa pili. Nikakimbilia dukani kutafuta ndefu. Muuzaji alikuwa nazo, za milimita 8. Sasa, 5/16 ya inchi ni milimita 7.94, na mtu aliyepata kusoma hesabu huona upesi kwamba tofauti hiyo haimfai hata sisimizi kupita. Na kwa vile nilikuwa na nati 56 nzuri kutoka Maskat, sikuona sababu ya kununua nyingine. Nilinunua bolti tupu, nikajipongeza kwa uchumi wangu.

Nati ya inchi hukubali kupanda bolti ya milimita. Inakwenda mzunguko mmoja kwa furaha, wa pili kwa kusitasita, kisha inauma meno na haiendi mbele wala hairudi nyuma, kwa sababu unene ni karibu sawa lakini hesi zimechongwa kwa mwendo mwingine. Nilifunga 13 kabla ya kukiri kwamba kosa haliko katika spana. Ya 14 nilimwachia kijana wa Fundi, mwenye nguvu, naye akaikata kichwa. Nikarudi dukani kuchukua nati 56 za milimita, na muuzaji, Mungu amweke, alikuwa amekwisha kuzihesabu na kuzifunga, zinaningoja mezani tangu nilipoondoka mara ya kwanza.

Hapo ndipo uliponijia msiba wa jamaa huko Pangani, nami nikaondoka kwenda kukaa matanga siku tatu. Nilimwachia Fundi gari likiwa na mbao zake zote mahali pake, upenyo mwembamba mzuri kati ya kila ubao na mwenziwe, kanda zimeegemezwa ukutani zikingoja kulazwa. Nikamwambia, "Fundi, bado kumalizia tu." Laiti ningelijua uzito wa neno kumalizia katika sikio la mtu wa Nungwi! Nilikwenda kwenye matanga, na niliporudi nikakuta chombo kimebakia kutwekwa tanga.

Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anakula muhogo wa kuchoma, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu aliyemaliza deni. Sakafu iling'aa. Kanda zilikuwa zimelala, bolti zimekazwa, vichwa vyote katika mstari. Niliinama nichungulie kati ya ubao na ubao, nikaona weupe. Nikagusa kwa ukucha: pamba, pamba iliyosokotwa, ikachovywa mafuta ya nazi, ikashindiliwa kwa chembeu na nyundo ya mti toka mwanzo hata mwisho wa kila mshono, bila ya kuruka hata wanda mmoja. Alikuwa amelikalafati gari langu.

"Fundi," nikasema, "upenyo uko wapi?"

"Upenyo upi?"

"Ule wa kati ya mbao. Wa maji kupita."

Akanitazama kwa huruma, akaweka muhogo chini. "Bwana Karani, mimi nina miaka arobaini katika kazi hii. Sijapata kuombwa na mtu nimwachie mahali pa maji kupita."

"Lakini maji ya gari hutoka juu, si chini."

"Maji ni maji," akasema Fundi.

Wala hakuishia mishononi. Pembe zote za chuma zilipokutana na mbao alizijaza. Mlango wa nyuma aliupigilia ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu ya tairi, hata ulipofungwa ukakaza kama kifuniko cha mtungi. Na uvunguni alipaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo, kwa uimara wake wa kulinda mbao, hayana mfano, na kwa harufu yake kadhalika. Ningelimwambia aondoe. Nakiri kwamba ilinipasa. Lakini mtu aliyekaa miaka 31 akiandika katika daftari "limelowa", "limeharibika kwa maji", "gunia limevuja", akiisha kuonyeshwa mwishoni mwa umri wake tumbo la chombo lililo kavu kabisa, lisilopitisha hata tone, hana moyo wa kulitoboa. Nilimlipa, nikamzidishia. Kwa muda wa wiki mbili paka wa mtaa mzima walilala chini ya gari langu, wakilitazama kwa mahaba.

Mwezi wa Aprili mtoto wa shemeji yangu alikuwa anaoa Muheza, nasi tulipewa jukumu la nazi. Usiku wa kuamkia safari nilipakia nazi 200 zilizokwisha kufuliwa, bila ya kuzifunika, kwa sababu nazi haina hofu ya mvua. Magunia mawili ya mchele, yenye hofu hiyo, nikayaacha ndani ya nyumba yapakiwe asubuhi karibu na sisi. Mawingu yalikuwa yamekaa vibaya. Kwa kuionea huruma sakafu mpya, nikalisogeza gari mpaka ukutani chini ya upenu, na ili lipate nafasi nikalisukuma kando pipa letu la maji, ambalo tangu nyumba ijengwe lilikuwa limesimama pale pale, chini ya mlizamu.

Masika yalishuka usiku kucha. Nililala vizuri, maana hakuna sauti inayombembeleza mtu kama ya maji yanayotiririka mahali panapostahili, nami nilidhani yanatiririka pipani. Baada ya sala ya alfajiri, giza bado nene na mvua haijakata, nilibeba mchele mpaka kiti cha mbele, mke wangu akajibana ubavuni pamoja na mbuzi zake nane, maana ahadi ilikuwa tuzipeleke zikatumike harusini. Nikakanyaga stata. Gari likaitika kwa sauti nzito kuliko kawaida. Niliona kwamba tako lake, lile lililokuwa juu siku zote, limeshuka, nikasema moyoni kwamba nazi zimelitia adabu.

Nimefanya hesabu baadaye, kwa utulivu. Futi 6 kwa 4, kina cha shubiri kwa upande wa omo na nusu shubiri kwa upande wa tezi, ukitoa mahali palipokaliwa na nazi: yapata lita 300, nazo ni kama kilo 300. Uzito huo gari la robo tatu ya tani linaubeba bila ya kulalamika, na ndiyo maana halikulalamika. Lakini karani yeyote wa bandari atakwambia kwamba mzigo wa kuogopwa zaidi ni ule unaotembea. Tulipoondoka, kitu kizito kilirudi nyuma yetu kwa mlio wa kunong'ona; tulipopunguza mwendo kikaja mbele, kikagonga kabati la dereva kama mgeni mwenye adabu. Dirisha la nyuma lilikuwa limefanya ukungu. Mke wangu aliniuliza ni nini, nami nikamwambia ni injini.

Hatujafika mbali, akakatiza njia mbuzi, yule wa miguu minne. Nikakanyaga breki kwa nguvu. Gari likasimama, kisha, baada ya kusimama kabisa na mimi kuvuta pumzi, likasukumwa tena mbele hatua nzima na kishindo cha wimbi, maji yakapanda mgongo wa kabati, yakapita juu ya paa, yakateremka kioo cha mbele kama pazia, na katikati ya pazia lile kikaja kitu cha duara, kikadunda juu ya boneti, kikaruka barabarani na kushika njia ya Muheza.

Palikuwa kimya.

"Nazi imetupita," akasema mke wangu.

Ikafuata ya pili. Ya tatu ilikaa juu ya boneti kidogo, kana kwamba inataka kutusalimu, kisha ikaenda.

Niliteremka. Mchana ulikuwa umeanza kupambazuka, na ndani ya bodi langu niliona bwawa tulivu, lenye nazi zinazoelea na kugongana polepole kwa sauti laini kama ya bao linalochezwa na wazee. Na hata katika fedheha ile niliinama chini ya gari, nikatazama mishono yote, na sikuona hata tone. Hapo nikafanya kosa la mwisho, lile la kuufungua mlango wa nyuma bila ya kuangalia kwanza ni nini kilichoko nyuma yake. Kilichokuwapo, chini ya turubali dogo kando ya barabara, ni mama mmoja wa vitumbua na jiko lake la mkaa.

Ukanda wa mpira ulishika kwanza, kisha ukaachia wote kwa pamoja. Sitaeleza. Mama yule hakuumia, alhamdulillahi, wala hakulowa kupita magoti, lakini jiko lilizimika kwa mlio mkubwa wa mvuke, na chungu cha unga kikazunguka, kikatoka chini ya turubali na kuelekea mtaroni kwa heshima zote, kimesimama wima. Nilimlipa unga, mkaa, sukari, na biashara ya siku nzima. Alipokwisha kupokea fedha aliuliza, bila ya ghadhabu, kwa kutaka elimu tu, kwa nini mtu abebe maji siku ya mvua.

Watoto waliokuwa njiani kwenda shule walitusaidia kukusanya nazi. Zilipakiwa 200, zikapatikana 187. Pungufu 13, sababu: kuogelea. Harusini walitupokea vizuri, na asubuhi nzima wanawake wanane walikaa uani juu ya vipande nane vya msaji wa Longuza wakikuna nazi, wakisifu uzuri wa zile mbuzi, uzito wake na jinsi zinavyotulia chini bila ya kuyumba. Hata nikalazimika kukiri, nikiwa nimekaa pembeni na suruali mbichi, kwamba sehemu pekee ya sakafu yangu iliyofanya kazi yake bila ya lawama siku ile ni ile iliyokatwa.

Kesho yake nilikwenda Sahare. Nilikuwa nimetayarisha maneno, makali kiasi, yenye mwanzo na mwisho. Fundi alinisikiliza habari yote, ya mlizamu, ya wimbi, ya chungu cha unga, naye alikuwa na swali moja.

"Lilivuja?"

"Halikuvuja."

"Hata tone?"

"Hata tone, Fundi."

Akashusha pumzi, akamshukuru Mola kwa sauti, akawageukia vijana wake waliokuwa juu ya ubavu wa mashua, akawaambia wasikie maneno ya Bwana Karani. Nikayarudia mbele yao. Maneno yangu makali yakapotea hapo, na mpaka leo sijayaona.

Alikuja mwenyewe na keekee, akatoboa matundu manne, mawili omo na mawili tezi, kila moja kwa kipenyo cha kidole gumba, na kazi hiyo aliifanya amefumba midomo, kama mtu anayemchinja jogoo wake mwenyewe. Kisha akachonga vizibo vinne vya mkoko, akavifunga kwa kamba kila kimoja karibu na tundu lake, akaniamrisha: njiani nichomoe, nyumbani nizibe. Nilimwuliza nyumbani nizibe kwa sababu gani. Hakunijibu, lakini mke wangu, aliyekuwa mlangoni, alielewa kabla yangu, na sasa ikiwa mabomba ya mtaa yamekauka na mawingu yanaonekana juu ya Usambara, huniambia nisogeze gari chini ya mlizamu, nami husogeza. Pipa tumewapa majirani.

Kizibo kimoja cha tezi kilikatika kamba mwezi uliopita, kikaanguka mahali fulani kati ya hapa na Pongwe. Nimetia gunzi la hindi, na linashika vizuri zaidi.